Jinsi ya kupata utaratibu wako mwenyewe wa kufanya dizaini, ambao ni wako kweli

Kuna dogo tunamfundisha kazi pale kwenye kaofisi ketu, siku moja akaniuliza "bro, we ukipewa kazi unaanzaga wapi?" nikamjibu faster kama mwalimu, utafiti kwanza, alafu skechi, alafu unaingia kwenye kompyuta, marekebisho, unakabidhi. Akaniangalia kidogo akasema "mbona jana nimekuona umefungua Illustrator unaanza kuchora mteja bado yuko kwenye simu anaongea?" Nikakosa la kusema, maana ni kweli.

Kwahiyo kila mtu ana taratibu mbili, ule anaousimulia na ule anaoufanya. Ule wa kusimulia umeupata YouTube au chuo, ule wa kufanya hujawahi hata kuuangalia. Na kama unataka utaratibu ambao utakusaidia siku akili imegoma, dedilaini ni kesho na luku imebaki uniti mbili, utautoa kwenye huo wa pili. Tayari upo, umelala kwenye mafaili yako ya zamani, hujauchimba tu.

Sisemi taratibu za wengine hazina maana. Kuna Muingereza anaitwa Graham Wallas, mwaka 1926 huko alishasema wazo linapita hatua nne, unajiandaa, unaliacha liive, linakuja lenyewe, alafu unalihakiki, na mpaka leo sijaona aliyemzidi sana. Design Council, baraza la dizaini la Uingereza, nao wakaja na ule mchoro wa almasi mbili mwaka 2005, unapanua mawazo unayabana, unapanua tena unabana. Ni vizuri kuvijua. Ila ni kama umepewa ramani ya mji wa mtu mwingine, barabara zipo ila nyumba yako haipo humo.

Anza na kazi tano ulizokwisha kabidhi

Chukua karatasi, chora safu nne. Alafu tafuta kazi zako tano za mwisho, na usichague zilizopendeza tu, chukua zilivyofuatana hata kama kuna aibu humo ndani. Kila moja andika: niliipokea lini, niligusa kompyuta lini, lile wazo lililopita nililipata wapi, na mteja alirudisha mara ngapi na kwa sababu gani.

Usiandike kwa kumbukumbu, kumbukumbu inakupamba. Fungua WhatsApp uscroll mpaka siku ile ya kwanza aliyosema "habari za saa hizi, nina kakazi kadogo", hiyo ndo siku ya kupokea. Angalia tarehe za mafaili kwenye kompyuta, kila faili linaonyesha siku na saa lilipotengenezwa na lilipohifadhiwa mara ya mwisho. Wale wenzangu na mimi wa "logo_fainali", "logo_fainali_kweli", "logo_fainali_HII_NDO" kwa mara ya kwanza hayo majina yatatusaidia maana unahesabu versheni zako kiulaini kabisa.

Mi nilipofanya nilipata vitu vitatu ambavyo sikuvitegemea. Cha kwanza, kwenye kazi nne kati ya tano wazo lililopita halikuzaliwa kwenye kompyuta, lilikuja nikiwa sehemu ambayo ile kitu itatumika, au njiani narudi kutoka huko. Cha pili, nilikuwa natumia muda mwingi kupita kiasi kuchagua fonti, yani aina ya herufi, kuna kazi moja ya siku saba siku tatu nzima zilikuwa za fonti na mwishoni nikatumia ile niliyoanza nayo. Cha tatu ndo kiliniuma, karibu marekebisho yote yalikuwa ya kitu ambacho mteja hakukisema na mimi sikukiuliza. Nimeshalalamika miaka kwamba wateja hawajui wanachotaka, kumbe muulizaji ndo alikuwa bubu.

Hapo sasa unajua pa kushika. Ukishaona tundu liko wapi unaziba hilo moja, usibadilishe kila kitu kwa mpigo, maana ukibadilisha vitu vitano kazi ikaenda vizuri hutajua kipi kimesaidia.

Kupokea kazi (hapa nitakaa sana kwasababu hapa ndo watu wengi tunaanguka)

Mteja akikwambia "we fanya tu kitu kizuri" hajakupa uhuru, amekupa mtego. Na ukimuuliza "unapenda rangi gani" umejifunga mwenyewe, atakutajia, na sasa unafanyia kazi rangi ya shati lake badala ya biashara yake. Maswali yangu siku hizi ni machache na hayagusi dizaini kabisa. Nani ataiona hii kitu. Ataikuta wapi. Atakuwa amesimama, amekaa au anapita. Kwa umbali gani. Akishaiona unataka afanye nini, apige simu, anunue, aje dukani, akumbuke tu jina? Na la mwisho ninalolipenda kuliko yote, hiyo ya zamani ilikukera nini? Hapo watu wanafunguka balaa, mtu ambaye alikuwa hana maelezo ghafla anakutumia voisi ya dakika nne.

Alafu nenda. Kama unaweza kufika ilipo biashara, fika, hata kama ni nusu saa.

Nikupe mfano. Kuna mama mmoja anauza achari sokoni Tandika, ya embe na ya ndimu, kwenye chupa za kioo. Akanipigia anataka lebo. "Mwanangu nitengenezee lebo nzuri kama za supamaketi." Mi kichwani nikaanza kuona embe, pilipili nyekundu, mwandiko wa mkono, nikajua hii kazi ya jioni moja. Bahati nzuri nilikuwa kwenye hicho kipindi cha kujilazimisha kwenda, nikaenda.

Nikafika, nikasalimia, shikamoo mama, marahaba mwanangu karibu, akanivutia kigoda. Nikakaa pembeni ya meza yake naangalia. Ila chupa hazikuwa mezani! Mezani kulikuwa na viungo, tangawizi, vitunguu saumu. Chupa za achari zilikuwa chini, zimepangwa ndani ya beseni kubwa la plastiki pembeni ya miguu yake, zimebanana hivyo hazionekani ubavu. Mteja anakuja, anasimama, anainamisha kichwa, anachoona ni vifuniko tu. Vifuniko vya dhahabu ishirini na kitu vinavyofanana. Kila mtu anauliza "ya embe ipi?" na yule mama anainama, anainua chupa moja, siyo, anarudisha, anainua nyingine. Nilihesabu, kwa muda niliokaa pale aliinama mara kumi na moja, na kiuno chake anakilalamikia mwenyewe.

Sasa niambie, lebo ya ubavuni nzuri kama ya supamaketi ingesaidia nini pale? Kazi yote ilihamia kwenye kifuniko. Stika ya duara, ya embe njano, ya ndimu kijani, neno moja kubwa katikati. Lebo ya ubavuni nikaifanya lakini ndogo, ya maelezo tu, viungo, namba ya simu, tarehe. Hilo wazo nisingelipata kwenye Pinterest, ule mtandao wa picha, hata ningekaa wiki mbili, maana kwenye Pinterest chupa zote zimesimama peke yake na mwanga mzuri kutoka dirishani.

Usipoweza kwenda, kwa mfano mteja yuko Mwanza na we uko Dar, muombe apige picha tatu na simu yake. Moja akiwa amesimama anaposimamaga mteja wake, moja ya karibu, moja ya majirani, yani wale wanaouza kitu kama chake. Mwambie asipange wala kufagia, apige hivohivo.

Na kabla hamjaachana muandikie ujumbe mfupi wa ulichoelewa. "Mama nimeelewa hivi: stika ya kifuniko aina mbili, lebo ndogo aina mbili, watu wajue ya embe na ya ndimu bila kuinua chupa, unazihitaji kabla ya mwezi kuisha." Akijibu sawa, huo ndo mkataba wenu hata kama hamna muhuri. Ujumbe wa hivi umeniokoa mara nyingi kuliko programu yoyote niliyowahi kuinstall. Na advansi upokee hapohapo, hilo sina haja ya kulielezea.

Jijengee ua

Ukurasa mweupe na kompyuta yenye fonti elfu mbili ni adui. Akili ikiwa na kila njia haiendi popote. Mi najizuia makusudi kabla ya kuanza, naandika juu ya karatasi: fonti moja, rangi mbili, isomeke kwa umbali wa hatua mbili. Basi.

Watu wanaona kama kujinyima, ila angalia kanga. Kanga ina pindo kuzunguka pande zote nne, ina mji katikati, ina jina pale chini, umbo ni hilohilo tangu bibi zetu, na bado ukiingia dukani leo utakuta za miundo ambayo hujawahi kuiona. Mchoraji wa kanga haamki asubuhi anajiuliza leo niweke jina wapi. Hilo limeshaamuliwa, nguvu zake zote zinaenda kwenye mji na kwenye maneno. Au angalia Edward Saidi Tingatinga, alikuwa anachorea hapahapa Dar mwishoni mwa miaka ya 1960, kwenye vipande vya hardibodi na rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli. Rangi ile haitaki mambo ya kuchanganya taratibu kama rangi za wasanii za kwenye maduka ya vifaa vya sanaa, inataka upake bapa, iwake, uache ikauke. Na ule mwonekano ambao leo kila mtalii anaubeba kwenye begi umebebwa na vifaa alivyovipata.

Kwahiyo ua wako uutoe kwenye kazi yenyewe. Yule mama printa yake ni ya nani? Ana hela ya rangi nyingi? Stika zitakaa kwenye unyevu? Vijibu hivyo ndo kuta zako. Kwa achari nilijua kuna mafuta, mkono wa muuzaji una mafuta saa zote, kwahiyo karatasi ya kawaida imekufa siku ya kwanza, lazima stika ya plastiki. Hiyo ikaamua na mambo mengine matatu yenyewe.

Chora vibaya, vingi, haraka

Kalamu ya bei rahisi na karatasi iliyotumika upande mmoja. Usichukue ile notibuku nzuri yenye kava ngumu uliyopewa zawadi, utaiogopa. Gawa karatasi viboksi ishirini vidogo kama stempu, weka simu ihesabu dakika arobaini, jaza vyote.

Vile sita vya kwanza vitakuwa vile ulivyoviona kwa wengine, usijilaumu, ni kama bomba la maji lililofungwa muda mrefu, ukifungua yanatoka ya kutu kwanza. Kwenye saba mpaka kumi na mbili utachoka na utataka kuingia kwenye kompyuta, hapo ndo nilikuwa naingiaga zamani. Vumilia. Kwangu mimi kitu kinaanza kuwa cha kwangu kuanzia cha kumi na tatu hivi, na hii siyo sheria ya dunia, nimeijua kwa kuangalia karatasi zangu za nyuma, wewe chako kinaweza kuwa cha nne. Ndo maana nakwambia uweke rekodi. Na usizitupe hizo karatasi, pachika tarehe tu pembeni uweke kwenye bahasha.

Kuna watu watakuletea hadithi ya Milton Glaser, yule Mmarekani aliyechora ile "I love New York" yenye moyo mwekundu, aliichora kwenye kipande cha bahasha kwa krayoni nyekundu akiwa nyuma ya teksi mwaka 1976. Ni kweli, na hiyo bahasha iko kwenye jumba la makumbusho la MoMA mpaka leo. Au Paula Scher, mbunifu mwingine wa huko, na logo ya benki ya Citi, 1998, aliichora kwenye tishu ya mezani kikao kikiwa bado kinaendelea. Watu wanaitumia kusema ona, wenye kipaji hawana utaratibu. Mi naiona tofauti. Citi ilikuwa ni kampuni mbili zinaungana, mojawapo ilikuwa na mwavuli mwekundu kwenye nembo yake, na Scher akaona ile herufi t ya katikati ina mkia kama mpini wa mwavuli, akaweka upinde juu yake. Yani wazo lilikuwa limekaa mezani pamoja na wao, yeye alikuwa anasikiliza. Na mkono umeshachora maelfu ya vitu vingine kabla. Kuchora ni dakika, kusikiliza ndo kazi.

Iache

Hapa nitakuwa mfupi. Ukimaliza viboksi, ondoka. Kwangu inafanya kazi kufua kwa mkono na kupanda daladala ya mbali nikiwa nimekaa dirishani, kukaa na simu haifanyi kazi kabisa, akili haipumziki inakula vitu vya watu tu. Lala nayo kama muda upo. Kama muda hamna, hata kwenda kununua vocha na kurudi ni bora kuliko kukomaa.

Kompyuta sasa, ila kwa kuchelewa

Chagua vimchoro viwili tu. Piga picha na simu, viweke chini kwenye leya ya kwanza, chora juu yake. Mi nafanya nyeusi na nyeupe mpaka umbo lisimame lenyewe, rangi ni mwishoni kabisa, maana rangi ikipendeza inakudanganya kwamba na umbo limependeza.

Pima vitu halisi. Lebo ya chupa unapimaje? Zungusha uzi kwenye chupa, nyoosha kwenye rula. Au pima kipenyo zidisha kwa 3.14, chupa ya kipenyo cha sentimita 7 mzunguko wake ni kama 22, kwahiyo lebo yako ya sentimita 20 inaacha kauwazi nyuma ka sentimita mbili, hapo mtu anaona achari yenyewe ndani. Ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa, maana mashine ya kukatia haijawahi kuwa sahihi hata siku moja. Picha ziwe pikseli 300 kwa inchi, ukichukua picha ya kwenye Instagram ukaikuza usimlaumu mtu wa printa.

Alafu uprinti. Hapohapo steshenari ya mtaani kwenu, karatasi ya A4, nyeusi na nyeupe, hela ndogo sana. Kata na mkasi, bandika na gundi kwenye chupa yenyewe, weka chini kwenye sakafu, simama, angalia. Stika yangu ya kwanza ya kifuniko ilikuwa na mchoro wa embe juu na neno ACHARI kubwa na "ya embe" kadogo chini. Kwenye skrini tamu kweli. Nilipoiweka chini nikasimama nikacheka mwenyewe, kinachosomeka ni ACHARI na ACHARI na ACHARI, kila kifuniko kinasema kitu kilekile, tumerudi palepale kwenye kuinua chupa. Nikageuza, EMBE ikawa kubwa inajaza duara, achari ikawa kadogo pembeni. Watu wanajua ni achari, wamekuja kuinunua.

Kosa lingine la kukuepusha, hili lilinitoa machozi. Nilifanya bango la bluu ile kali, bluu ya skrini, nikapeleka kuprinti Kariakoo, likatoka zambarau. Mita tatu za zambarau. Jamaa wa printa ananiambia "kaka ndo faili lako". Na alikuwa sahihi. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, mashine inatengeneza kwa wino, na bluu ya wino ni mchanganyiko wa sayani, ile bluu ya maji, na majenta, ile pinki kali, hivyo viwili vikikaribiana wingi wake unapata zambarau. Siku hizi bluu yangu naacha majenta iwe chini ya sayani kwa asilimia 30 au zaidi, na faili naligeuza kuwa la CMYK, yani la rangi za wino, mapema ili nilie mapema. Na kipande kidogo cha sampuli kabla ya mzigo wote, hata kama jamaa anakwambia usijali.

Na namba za simu. Chukua ile karatasi uliyoprinti, siyo faili, karatasi, shika simu yako uipige hiyo namba kutoka kwenye karatasi. Asipopokea mwenyewe mteja, simamisha kila kitu. Niliwahi kutoa kadi mia tano zenye namba ya tarakimu tisa. Tatizo macho yako yameshaiona mara arobaini, hayasomi tena.

Kumuonyesha mteja

Usitume faili tupu lenye nyuma nyeupe kwenye WhatsApp kisha ukakaa kusubiri. Tuma picha ya kitu kikiwa mahali pake, hata hicho cha kukata na mkasi. Yule mama nilimpelekea chupa mbili mkononi, nikaziweka kwenye beseni lake katikati ya zile zingine, sikusema kitu. Akaja mteja, akanyoosha kidole, "nipe hiyo ya ndimu". Marekebisho yalikuwa sifuri, ukiacha kwamba alitaka kijani kiwe kijani zaidi.

Mteja akikwambia "ongeza mvuto" usifungue kompyuta. Uliza, ukiiangalia jicho lako linaenda wapi kwanza? Ulitaka liende wapi? "Mvuto" mara nyingi maana yake jina langu halionekani, au bei haionekani, au mume wangu kaiona akasema haijamuingia. Hilo la mwisho ni gumu, hapo muombe uongee na huyo mume moja kwa moja, na umuulize maswali yaleyale. Mi natoa raundi tatu za marekebisho, imeandikwa kwenye ule ujumbe wa mwanzo, ya nne inalipiwa, na toka nianze kuandika hivyo ya nne nimeiona mara chache mno.

Kuutunza

Kila ukimaliza kazi ongeza mstari kwenye ile karatasi ya safu nne. Dakika tano. Baada ya kazi kumi soma tena kuanzia juu, badilisha kitu kimoja.

Utagundua pia huna utaratibu mmoja. Posta ya msiba au ya shughuli ya kesho, una saa tatu, huwezi kwenda popote wala kuchora viboksi ishirini, hapo mi nachukua viboksi sita, fonti zangu mbili nilizozizoea, na templeti yangu mwenyewe niliyojitengenezea siku ambayo sina kazi. Logo ya kampuni ni wiki mbili na safari zote. Usitumie mwendo wa logo kwenye posta, utakosa usingizi bure, na usitumie mwendo wa posta kwenye logo, watu wataishi nayo miaka kumi.

Hela ikiwa ngumu kitu cha kwanza unachokatiza ni ile safari ya kwenda kuona, nakujua, na mimi hivyohivyo. Katiza muda wa kuchagua fonti badala yake.

Dogo nilimpa kazi ya kujaza karatasi yake na yeye. Akaja nayo juzi, kazi tano, kaandika vizuri na mwandiko wake ule wa kulala. Nikapitia nikitegemea kuona makosa yangu ya zamani ili nimrekebishe. Kwenye kazi nne alianza na rangi, kabla ya umbo, kabla ya maneno, yani kinyume kabisa na ninachomfundisha kila siku, na zile nne zote zilipita raundi ya kwanza. Ile moja iliyorudishwa mara sita ndo aliyonisikiliza akaanza na nyeusi na nyeupe.

Nikamrudishia karatasi nikamwambia basi wewe anza na rangi. Leo asubuhi nimekuta mezani kwake boksi la krayoni za watoto wa chekechea, rangi kumi na mbili, ya njano ishaisha nusu.